Sandiblasta ndogo ya modeli: mambo ambayo watu wanayachanganya

Nianze na hili kubwa maana linahusu mapafu ya mtu. Wapo wanaodhani ukishanunua sandiblasta ndogo (kifaa kinachopuliza unga kwa hewa ya presha) ya kusafishia modeli, yaani treni na vitu vingine vya kuunda kwa udogo, basi unachota tu mchanga wa ufukweni au wa ujenzi, unauchekecha, unaumimina kwenye kikombe, kazi inaanza. Hapana jamani, usifanye hivyo hata mara moja. Mchanga mwingi ni silika, na ukigonga chuma kwa kasi unapasuka vumbi dogo ambalo jicho halilioni, linaelea hewani muda mrefu alafu linazama mpaka chini kabisa ya mapafu na halitoki. Hiyo ndo silikosisi, na dawa ya kuiponya haipo. Uingereza walishapiga marufuku mchanga kwenye kazi ya aina hii kwa kanuni za mwaka 1949, tena hapo ni viwandani, sasa wewe uko chumbani na watoto wanaingia na kutoka.

Kinachotumika ni unga wa alumini oksaidi, namba 220 (namba ikiwa kubwa unga ni laini zaidi) au laini zaidi, kwa chuma, na bekingi soda kwa plastiki. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs alumini oksaidi ni 9, brasi kama 3 hivi, soda ni 2 na nusu, kwahiyo soda inang'oa rangi ya zamani bila kuichimba sana plastiki, mradi presha ya hewa ibaki kwenye psi (kipimo cha presha) 20 hadi 30. Bekingi soda lakini, sio bekingi pauda ambayo ina wanga ndani, na wala sio magadi.

"Sandiblasta itakula urembo wote wa modeli." Hii naisikia sana na inawanyima watu kifaa kizuri mno. Chukua injini ya treni ya brasi ya skeli 1/87, yaani ndogo mara 87 kuliko ya kweli, zile zilizokuwa zinaundwa kwa mkono Japani na baadaye Korea Kusini kwa ajili ya soko la Marekani, ina ribiti (vichwa vya misumari ya kuungia mabati) ambazo hazifiki hata nusu milimita. Ukipiga kwa psi 40 hivi, nozeli iwe mbali kidogo, mkono usisimame sehemu moja, ribiti zinabaki zote na kinachotoka ni kutu ya kijani, mafuta ya vidole na mabaki ya kulehemu. Brasi inaacha kung'aa, inakuwa ya njano iliyopauka, na ukiona mahali bado panameta ujue unga haujafika hapo. Huo ukwaruzo mdogo ndo praima (rangi ya kwanza ya chini) inaushika, brasi iliyong'arishwa rangi yake inabanduka na selotepu. Kinachoharibika kweli ni vile vipande vyembamba vilivyochongwa kwa kemikali, ukipiga upande mmoja tu vinajikunja, kwahiyo vibandike kwenye ubao na upige pande zote mbili kidogo kidogo.

Eabrashi, ile bomba ndogo ya kupulizia rangi, haiwezi kufanya kazi hii, unga utailia sindano na nozeli yake kwa muda mfupi sana.

Alafu kuna kuongeza presha kila unga ukigoma kutoka. Mara nyingi shida ni maji! Kompresa inabana hewa, unyevu unageuka matone, soda inashikana mabonge na nozeli inaziba, hapo hata ukipandisha psi 80 hupati kitu. Weka kichujio cha kunasa maji kwenye mpira wa hewa, chekecha unga kabla ya kuujaza, na kama kompresa yako ni ile ndogo isiyo na tenki tarajia kusubiri subiri, maana kifaa hiki kinakunywa hewa kuliko eabrashi.

Ukimaliza osha, hasa soda, kwa maji na sabuni kidogo ya vyombo, isipooshwa rangi haishiki vizuri. Usishike tena kwa vidole vitupu, na praima ipige siku hiyo hiyo.

Na boksi lenye kioo na glavu, lile unalopigia ndani yake, halikuondolei barakoa, kwa sababu vumbi linavuja na unapofungua mlango linakujia usoni. Kitambaa hakitoshi, vaa barakoa ya daraja la FFP3 au P100 inayochuja vumbi dogo sana, na ukiwa na modeli za zamani uwe makini zaidi kwani baadhi ya zile za kusubu na rangi zake zina madini ya risasi. Usafi wa baadaye tumia vakyumu yenye filta ya HEPA (inayonasa vumbi dogo sana) au kitambaa kibichi, ile ya kawaida inalirudisha vumbi hewani.