"Wakijadiliana watapotoshana": dhana nilizochoka kuzisikia kuhusu mbinu shirikishi

Nikiendesha semina kwa wahadhiri wa baiolojia kuhusu mbinu shirikishi, yaani kufundisha kwa kuwaacha wanafunzi wajadiliane badala ya kuwahutubia tu, najua sentensi hiyo itafika kabla ya chai ya saa nne. Safari iliyopita aliitoa mhadhiri mkongwe: "Dokta, hawa vijana hawajui kitu. Ukiwaacha wajadiliane ni kipofu kumwongoza kipofu." Wenzake wakacheka, wengi wakakubali. Nafundisha mikrobiolojia, na hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inasikika kama busara.

Jambo lenyewe lilishapimwa. Mwaka 2009 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanyika katika darasa la jenetiki, Chuo Kikuu cha Colorado. Mwanafunzi alijibu swali peke yake, akajadiliana na jirani zake, akajibu tena, kisha akapewa swali la pili lenye kanuni ileile ila sura nyingine, alijibu bila msaada. Matokeo yalipanda, na watafiti walionyesha kwamba yalipanda hata pale ambapo hakuna mtu kundini aliyekuwa na jibu sahihi mwanzoni. Kwa hiyo si suala la kipanga mmoja kuwanong'oneza wenzake. Ukilazimika kumweleza mwenzio unachofikiri, unagundua mwenyewe pale hoja inapovuja.

Wengi waliojaribu wakashindwa waliuliza swali bovu. "Taja sehemu za seli ya bakteria": hapo watu wabishane nini? Swali langu ninalolipenda ni hili.

Mwaka 1943 wanasayansi Luria na Delbrück waliotesha bakteria aitwaye E. coli katika mirija 20, kila mmoja ukijitegemea, kisha wakamwaga kilichomo kwenye sahani zenye virusi wanaoua bakteria hao. Wakahesabu makoloni, yaani vishada vya bakteria, yaliyosalimika. Nawaambia wanafunzi hadi hapo tu, halafu nauliza: kama bakteria hupata usugu baada ya kukutana na virusi, hesabu za sahani zitakaribiana (A) au zitapishana vibaya (B)? Wanajibu kwa vidole, kimoja au viwili, mkono ukiwa kifuani. Kifuani, jamani, si hewani! Mikono ikipanda juu, ukumbi mzima utamtazama yule wa mstari wa mbele. Kisha dakika mbili za kubishana, na kupiga kura tena. Ndipo naandika ubaoni:

1, 0, 3, 0, 0, 5, 0, 5, 0, 6, 107, 0, 0, 0, 1, 0, 0, 64, 0, 35

Kelele huanza kwenye 107: kama usugu ungekuja baada ya virusi, hesabu zingekaribiana. Sahani 11 hazina kitu, moja imefurika. Naongeza kwamba sampuli 10 zilizotoka kwenye chombo kimoja kikubwa zilitoa makoloni kati ya 13 na 26, kwa hiyo si uzembe wa kupima. Nawaachia wapambane. Safari hii kuna atakayesema, kwa maneno yake, kwamba mutesheni, yaani badiliko katika jeni, ilikuwepo kabla ya virusi kuingia, na mrija ambamo ilitokea mapema ndio uliozaa ukoo mkubwa. Gharama yote ni chaki. Nikisahihisha mitihani siku hizi, kauli potofu ya "bakteria wamezoea dawa" imepungua. Haijaisha.

Dhana nyingine nazipitia haraka.

"Darasa lina watu 400." Vidole kifuani havijali idadi. Uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati uliotoka 2014 ulikuta wanaofeli ni asilimia 33.8 kwenye mihadhara mitupu na 21.8 kwenye mbinu shirikishi. Faida ilikuwa kubwa zaidi katika madarasa madogo, lakini makubwa nayo yalinufaika.

"Silabasi haitaisha." Mzunguko wa Krebs, hatua za seli kupata nishati, umeelezwa vizuri vitabuni kuliko utakavyoueleza wewe saa nane mchana. Wausome nyumbani, waje wajibu maswali matatu ya dakika tano.

"Wanafunzi wenyewe wanasema hawajifunzi." Ni kweli wanasema. Katika utafiti wa Harvard wa 2019, darasa la fizikia, waliofundishwa kwa ushiriki walihisi wamejifunza kidogo, na mtihani ukaonyesha wamejifunza zaidi. Waambie hilo wiki ya kwanza, kabla ya malalamiko.

"Mimi nawapa presentesheni za makundi." Kundi la watu kumi na wawili, wawili wamefanya kazi, mmoja anasoma slaidi neno kwa neno, na wewe umekaa nyuma unajibu WhatsApp. Huo ni mhadhara uleule, ila sasa mtoa mhadhara ni mgeni wa mada.

"Praktikali zinatosha." Kufuata hatua za karatasi kama mapishi ya pilau hakumfikirishi mtu. Kabla ya upakaji rangi wa Gram, unaotenganisha bakteria wa zambarau (Gram chanya) na wa uwaridi (Gram hasi), waulize: ukiruka iodini, bakteria Staphylococcus ataonekana rangi gani? Wengi husema zambarau, kwa sababu wamekariri kwamba yeye ni Gram chanya. Bila iodini rangi ya kwanza, ya zambarau, haishiki; alkoholi inaiosha, na rangi ya pili, safranini, inampaka uwaridi. Waandike jibu lao kwa kalamu ya wino, wasije wakafuta, kabla hawajafungua chupa ya kwanza. Halafu mpe mmoja wao slaidi ya pili, airuke iodini kweli.