Mchaichai, mwarobaini na mshubiri: maswali ya akina mama wa Mwanza

Panda mawe ya Mabatini au Igogo uone: nyumba haina uwanja wa kuanikia hata kanga mbili, lakini mchaichai upo kwenye ndoo iliyotoboka, mshubiri upo kwenye sufuria kuukuu, na mwarobaini wa jirani unatoa kivuli kwa kaya tatu. Wenye bustani hizi ndio wanaotuuliza maswali haya kliniki ya mama na mtoto. Tunayajibu hapa kama tunavyowajibu wao.

Mtoto amechemka tangu jana jioni. Bibi yake anachemsha mwarobaini ampe. Nimwache?

Hapana mama, kwanza kipimo. Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi, na mtoto wa chini ya miaka mitano hubadilika haraka sana: asubuhi anacheza, jioni ana degedege. Kipimo cha haraka kinahitaji tone la damu ya kidoleni, na majibu hutoka baada ya dakika 15 hadi 20. Akikutwa na malaria ya kawaida atapewa dawa mseto, mara mbili kwa siku kwa siku 3, naye aimalize hata kama homa imeshuka siku ya pili.

Kinachotuumiza zaidi ni zile siku mbili tatu za kusubiri majani yafanye kazi. Vimelea havisubiri. Mtoto aliyekuwa na homa tu Jumatatu analetwa Alhamisi kiganja kimekuwa cheupe, hanyonyi, hamtambui mama yake, na hapo anahitaji sindano, labda na damu. Ukiwa Ukerewe au Ukara ndiyo usisubiri kabisa, maana kivuko kina saa zake.

Degedege ikianza, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimfukize, mkimbize kituo cha afya. Hiyo si kazi ya mganga, hata kama wazee wanasema mtoto amepitiwa na ndege.

Na mafuta ya mwarobaini asinyweshwe mtoto hata tone. Yamewahi kuwasababishia watoto wadogo kutapika, kupoteza fahamu na degedege. Maji ya majani yake ya kuogea mwili unaowasha, hayo sawa, yanapunguza muwasho. Ila kama nyumba nzima inajikuna usiku, huo ni upele, na inabidi wote mtibiwe siku moja.

Lakini dawa ya malaria si imetoka kwenye mmea wa pakanga? Kwa nini nisichemshe yangu?

Umeuliza vizuri. Ni kweli, artemisinini iliyomo kwenye dawa mseto ilipatikana kwenye aina ya pakanga inayotumika katika tiba ya Kichina. Mtafiti Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Heshima kwa tiba ya asili ipo, tena kubwa.

Shida ni kipimo. Kikombe cha leo na cha kesho havilingani: jani limekomaa kiasi gani, limekauka vipi, maji yalikuwa ya moto kiasi gani. Dawa kidogo hupunguza vimelea bila kuvimaliza. Homa inashuka, unafurahi, wiki inayofuata inarudi, na vile vilivyobaki ndivyo vinavyozoea dawa. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba haliungi mkono chai ya pakanga kwa kutibu wala kuzuia malaria. Kwetu jambo hili haliko mbali: kwa majirani zetu wa Kagera, watafiti wamekwisha kuthibitisha vimelea vilivyoanza kuwa sugu kwa artemisinini.

Mafua na kikohozi je? Tangawizi, limao na asali?

Hapo bustani yako inasaidia kweli. Asali hutuliza kikohozi, tangawizi hupasha moto koo, mchaichai humfanya mgonjwa anywe maji mengi kwa hiari yake. Mtu mzima mwenye mafua anaweza kukaa na vitu hivyo mpaka yapite. Asali tu asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli yake hadi ashindwe kupumua.

Kuhusu nyungu ya mkaratusi na mrehani: mkubwa anaweza kujifukiza sufuria ikiwa chini, imetulia, na uso uko mbali nayo. Mtoto usimfunike blanketi juu ya maji yanayochemka. Tunaona mapaja yaliyobabuka kwa sababu sufuria ilipinduka gizani. Mwenye pumu aache, mvuke na harufu kali vinaweza kumbana kifua.

Jifunze badala yake kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, angalia saa, hesabu dakika nzima. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Kichanga wa chini ya miezi 2, ni 60. Ukifika hapo, au ukiona kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, huenda ni nimonia. Ondoka nyumbani wakati huo huo, usiku au mchana.

Majani ya mpera yanazuia kuhara?

Yana ukakasi unaoweza kupunguza kuhara kwa mtu mzima. Lakini anayeua ni upungufu wa maji mwilini, na majani hayarudishi chumvi iliyopotea. Pakiti moja ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mtoto anyweshwe kidogo kidogo kila anapoharisha, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Kama pakiti hakuna: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu, visiwe vya mlima. Maji ya ziwani yachemshwe kwanza, hata yakionekana meupe. Choo kikiwa kama maji ya mchele, usianze kutafuta mpera: hicho huenda ni kipindupindu, kimbia kituoni.

Nimeungua na uji. Mshubiri au dawa ya meno?

Dawa ya meno, unga na mafuta viache kabisa. Kwanza maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Ni ndefu kuliko unavyodhani, kwa hiyo angalia saa.

Kidonda kikiwa kidogo na hakijafunguka, mshubiri unafaa. Osha jani, likate chini, lisimamishe kwenye kikombe kwa dakika kadhaa. Utaona utomvu wa njano, mchungu, ukichuruzika. Huo mwage, unawasha ngozi, na ukinywewa unaharisha vibaya. Mjamzito asiuguse mdomoni. Baada ya hapo menya ganda. Ute mweupe ulio wazi, unaoteleza kama kamasi ya bamia, ndio unaopaka. Kuungua usoni, viganjani, sehemu za siri, au eneo kubwa kwa mtoto, ni hospitali.

Mwanangu anaoga ziwani, tumbo linauma na choo kina damu. Nimpe mwarobaini au mlonge?

Hapana. Hiyo inaweza kuwa kichocho cha tumbo, ugonjwa wa konokono wa ziwani, na tiba yake ni prazikwanteli inayotolewa kwa kupima uzito wa mtoto. Apimwe choo.

Kichanga ana mchango. Mama mkwe ameleta dawa ya kumnywesha.

Mpokee kwa heshima, mshukuru, na usimnyweshe. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Figo na ini la kichanga bado ni changa mno kwa mizizi iliyochemshwa.

Na ile dawa ya kuharakisha uchungu?

Dada, hii tunakuomba kwa moyo wote uiache. Baadhi ya mizizi inabana mfuko wa uzazi kwa nguvu ambayo hakuna awezaye kuipima wala kuizima. Mtoto anakosa hewa, mfuko unaweza kupasuka, hasa kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji. Hospitali nayo huongeza uchungu, lakini kwa dripu inayohesabiwa matone na kuzimwa papo hapo mapigo ya mtoto yakibadilika.

Natumia dawa za presha na sukari. Mlonge una shida?

Kama mboga, kula. Unga wake wa kila siku unaweza kushusha sukari na presha juu ya zile dawa zako, kwa hiyo mwambie daktari kwanza. Kitunguu saumu kingi nacho ni hatari kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Vidonge vya ARV, vya kufubaza virusi vya UKIMWI, visiachwe kwa ajili ya mti wowote.

Nikisema nimetumia miti shamba, manesi watanigombeza.

Wapo wanaogombeza, na wanakosea. Tiba asili inatambuliwa na sheria ya nchi tangu mwaka 2002, na waganga wanasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sema bila woga: jani gani, kiasi gani, saa ngapi. Kama hulijui jina, njoo na tawi lake au chupa yenyewe. Daktari anahitaji kulijua hilo kabla hajakuandikia dawa nyingine.