Peptidi za kurudisha ujana: yanayosemwa na yaliyopo

Binamu yangu yuko Texas, juzi kanitumia voisi ya dakika saba eti ameanza peptidi, anajidunga tumboni kila usiku kabla ya kulala, bega limepona, usingizi mtamu, na sasa anataka kumtumia na mama yake huko Tanga maana magoti yanamsumbua. Shangazi ana miaka 71. Nimesikiliza mpaka mwisho, na kusema ukweli mengi aliyosema ndo yale yale yanayozunguka mitandaoni, so wacha niyaseme.

Kubwa kuliko yote, na hili ndo linazaa mengine, ni watu kuongea kana kwamba peptidi ni dawa moja. "Peptidi zinafanya kazi." Peptidi gani sasa? Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, zile zile zinazojenga protini, basi. Ni neno kama mafuta. Kuna mafuta ya alizeti, mafuta ya taa, ya nywele, ya breki, yote mafuta ila hakuna anayekaangia chapati mafuta ya breki. Insulini ambayo wagonjwa wa kisukari wanachomwa tangu 1922 ni minyororo miwili iliyoshikana, jumla asidi amino 51. Oksitosini, ile sindano mama anachomwa pajani akishajifungua ili asivuje damu, ni peptidi ya asidi amino 9 tu, na mkemia Mmarekani Vincent du Vigneaud alipewa Nobeli ya kemia 1955, kuitengeneza maabara ikiwa sehemu ya kazi hiyo. Ozempic, ile sindano ya kisukari ambayo watu wanaitumia kupunguza uzito, nayo peptidi, dawa yenyewe ndani yake inaitwa semaglutide. Kwa hiyo muuzaji akikwambia peptidi zinatibu watu miaka mia sasa hadanganyi, ila kichupa alichoshika mkononi sio hicho kilichotibu watu miaka mia. Kimedandia tu jina.

Hicho cha binamu kinaitwa BPC-157. Asidi amino 15, na tafiti zake nyingi zimetoka kwa kundi moja la watafiti wa Zagreb, Kroatia, na karibu zote ni za panya. Panya wanapona vizuri tu, kano zinaunga, vidonda vya tumbo vinafunga. Kwa binadamu tafiti ni chache na za watu wachache mno. Mwaka 2023 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliiweka kwenye kundi la vitu vyenye wasiwasi wa usalama ambavyo famasia hazitakiwi kuchanganyia wateja, na kwenye michezo WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa haramu michezoni, ilishaipiga marufuku tangu 2022. Bega la binamu limepona, sikatai, lakini si aliacha pia kunyanyua vyuma miezi miwili? Hilo kwenye voisi kalitaja kwa sekunde mbili tu.

Halafu kuna hii ya "ni kitu asili, mwili wenyewe unatengeneza, hakina madhara." Insulini nayo mwili unatengeneza, ebu zidisha dozi uone kama utafika asubuhi.

Hapa ndo zinapoingia peptidi nyingine, kina CJC-1295 na ipamorelin, zinazoisukuma tezi iliyo chini ya ubongo itoe homoni ya ukuaji kwa wingi kama ya kijana. Hii ndoto ilianzia 1990, daktari mmoja Mmarekani, Daniel Rudman, alichukua wanaume 21 wa miaka 61 mpaka 81, 12 kati yao akawapa homoni ya ukuaji miezi sita, misuli ikaongezeka mafuta yakapungua, basi magazeti yakapiga kelele ujana umepatikana. Tafiti zilizofuata zikaonyesha nyama inaongezeka kweli ila nguvu haiongezeki kivile, huku watu wanavimba miguu, viungo vinauma, na sukari inapanda. Na kinachonishangaza mimi ni hiki: panya waliozaliwa bila homoni hiyo ndo wanaishi muda mrefu zaidi. Kule Ecuador kuna watu wafupi sana ambao miili yao haiitikii homoni ya ukuaji, na utafiti uliotoka 2011 ulikuta saratani na kisukari kwao ni nadra mno. Yaani tunalipia kuongeza kitu ambacho pengine kupungua kwake kuna faida. Sisemi hazina kazi kabisa, tesamorelin ya ukoo huo huo iliruhusiwa Marekani 2010 kwa watu wenye VVU wanaorundika mafuta ndani ya tumbo. Ni dawa, ina ugonjwa wake.

Za kunywa je? Tumbo linakatakata peptidi kama linavyokatakata nyama, ndo maana insulini kwa kawaida ni sindano mpaka leo. Semaglutide ya kidonge imewekewa kemikali ya kuisindikiza na bado inayoingia kwenye damu ni kama asilimia 1 tu. Unga wa kolajeni, ile protini ya ngozi na mifupa, kuna tafiti zinasema ngozi inanawiri kidogo, nyingi zimelipiwa na wanaouza unga. Mimi nitaendelea na supu ya kongoro.

Na Ozempic sio dawa ya uzee jamani. Inapunguza uzito, sawa, lakini sehemu ya kinachopungua ni misuli, na mzee misuli ndo inamshika asianguke. Kwenye utafiti wa semaglutide, mwaka mmoja baada ya kuacha watu walirudisha karibu theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Feki nazo zipo, WHO ilitoa tahadhari Juni 2024.

Nikamwambia binamu apige picha kichupa. Unga mweupe, unachanganya mwenyewe na maji ya sindano jikoni kwako, mbele imeandikwa usafi 99%, ambayo haikwambii chochote kuhusu vijidudu au sumu ya bakteria iliyobaki humo. Nyuma kwa maandishi ya sisimizi: kwa utafiti tu, sio kwa matumizi ya binadamu. Umeona hapo? Eti "hayo wanaandika tu kujikinga kisheria." Sasa wanajikinga na nani kama sio na wewe!

Shangazi nimempigia mwenyewe, baada ya shikamoo nikamweleza. Akauliza bei. Nilipomtajia akanyamaza kidogo, akasema mwambie hiyo hela aje nayo Desemba.