Uchachu haupiki maziwa: ninayoyasikia kila wiki kuhusu yogati ya nyumbani

Jumamosi iliyopita, kwenye mafunzo ya kikundi kimoja cha akina mama hapa Moshi, hatukuwa tumemaliza hata kusugua sufuria pale mama mmoja aliposema, kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala: "Mwalimu, hayo ya kuchemsha tuwaachie wenye viwanda. Yogati ikishachacha inaua vijidudu yenyewe." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Nilinyamaza kidogo, maana ilikuwa mara ya tatu mwezi huu, na mara ya tatu mtu huwa hajibu vizuri.

Wengi wanaonifuata siku hizi wana sababu moja. Kikombe cha yogati dukani kimewashinda bei, na watoto wameshaizoea. Sababu njema kabisa, na ndiyo maana nafundisha. Lita moja ya maziwa inakupa yogati karibu lita moja, yaani vikombe karibu saba vya gramu 150. Chukua bei ya dukani kwako, zidisha, halafu toa bei ya maziwa. Utaona mwenyewe. Tatizo ni kwamba watu wakishaona faida hiyo wanataka kuiongeza, na kitu cha kwanza wanachobana ni gesi ya kuchemshia.

"Ikichacha vijidudu vinakufa, kwa hiyo maziwa mabichi yanatosha"

Hapana. Wengine hufa, wengine hudumaa tu, na wengine hawatishiki.

Fikiria kinachotokea ndani ya chombo. Maziwa mabichi yana pH ya 6.7 hivi (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi). Yogati inaganda pH ikishuka mpaka karibu 4.6, na kushuka huko huchukua saa nne hadi nane kwenye joto la nyuzi 40 hadi 45. Saa za mwanzo maziwa ni ya vuguvugu, yana sukari, yana protini, na uchachu bado haujaonekana. Hiyo ni karamu. Bakteria wako wawili wa yogati wamealikwa, lakini kama hukuchemsha, kila aliyetoka kwenye kiwele, mkono wa mkamuaji, ndoo na dumu la bodaboda naye yumo mezani. Asidi inakuja baadaye, wageni wakiwa wameshashiba.

Bakteria wa brusela anaweza kuishi kwenye maziwa yaliyochacha kwa siku kadhaa. Wa kifua kikuu cha ng'ombe vilevile hauawi kwa uchachu wa yogati. Brusela ndiyo inayowafanya ng'ombe watupe mimba, na kwa binadamu inakuja kama homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo na mgongo kuuma, na uchovu usio na maelezo. Mtu anatibiwa malaria, kisha taifodi, kisha anaambiwa ana mawazo. Ikija kugunduliwa, tiba ya kawaida ni doksisaikilini kwa wiki sita pamoja na dawa ya pili. Piga hesabu ya dozi hiyo, weka nauli za hospitali, weka siku ulizolala bila kufungua genge, halafu uniambie gesi uliyookoa ilikuwa ya shilingi ngapi.

Hapa ndipo huletwa bibi. "Bibi yangu amekunywa maziwa mabichi mpaka miaka tisini." Namheshimu bibi. Lakini bibi ndiye aliyebaki kusimulia. Waliougua homa isiyojulikana wakafa na miaka thelathini hawana wa kuwaletea hoja. Tena wafugaji wengi wa zamani walifukiza vibuyu vyao kwa moshi wa miti waliyoichagua kwa makusudi, na moshi huo hupunguza bakteria. Hata huo haumalizi brusela. Wewe una ndoo ya plastiki iliyokuwa na rangi ya ukuta.

Tuseme hata hivyo huogopi ugonjwa. Bado yogati ya maziwa mabichi ni mbaya, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba wanaobishia kuchemsha ndio haohao wanaorudi kulalamika kwamba haijashika. Yule mama wa Jumamosi alikuja na sampuli. Nilipoinua kijiko kikavuta uzi mrefu kama bamia. Juu kulikuwa na vitundu vya gesi kama kwenye unga wa maandazi uliokwisha kuumuka, na harufu ilikuwa ya zizi. Yeye alilaumu mbegu, ile yogati ya dukani aliyoanzishia. Mbegu haikuwa na kosa. Ilizidiwa na wengi. Bakteria wa yogati hawatoi gesi ya namna ile. Vitundu pamoja na harufu hiyo ni dalili ya uchafu, na mara nyingi uchafu wenyewe ni kinyesi cha ng'ombe.

Halafu kuna uzito. Joto la nyuzi 85 na zaidi hubadilisha umbo la protini zile ambazo kwa kawaida hubaki kwenye majimaji, zikajishikiza kwenye kaseini, ile protini kuu ya maziwa, na kushika maji. Ndiyo siri yote ya yogati nzito. Asiyechemsha anapata uji mwepesi, kisha anakwenda kununua unga wa maziwa, au unga wa mahindi laini, au jelatini ya kuuzitisha. Ameokoa gesi, amenunua jelatini.

Kuchemsha kwenyewe watu hukukosea. Maziwa kupanda si maziwa kuiva. Lile povu linalopanda ni mvuke ulionaswa chini ya utando, na mwenye haraka huona limefika ukingoni akazima jiko. Mimi nafanya hivi: sufuria nzito, mwiko unakwangua chini muda wote yasishike, yakianza kupanda napunguza moto sana, navunja utando, na nayaacha yatetemeke pembeni kwa dakika kumi. Mwenye kipimajoto ayashikilie kwenye nyuzi 85 kwa dakika 30, au 90 mpaka 95 kwa dakika 5. Kisha sufuria inakaa kwenye beseni la maji baridi mpaka maziwa yashuke nyuzi 43 hadi 45. Hapo ndipo mbegu inaingia. Ukiitia kwenye maziwa ya moto umeipika. Ukiitia yakiwa yamepoa kabisa italala.

Kipimajoto cha jikoni ndicho kifaa pekee ninachokulazimisha ununue. Asiye nacho adondoshee maziwa ndani ya kifundo cha mkono: yasikike ya moto lakini yasichome. Kidole kilichotumbukizwa kwenye sufuria sitaki kukiona, hata kama kimenawa.

Na kama gesi ndiyo inayokuuma kweli, chemsha lita tatu kwa mkupuo mmoja badala ya lita moja mara tatu, chota ya chai ya asubuhi humohumo, na ufunike sufuria ukishapunguza moto. Hiyo ndiyo akiba.

"Haikuganda, basi mbegu ni mbovu"

Inawezekana. Lakini kabla hujatupa lawama, muulize anayekuuzia maziwa swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza: ng'ombe alichomwa sindano lini? Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele hutibiwa kwa penisilini na ndugu zake, na dawa hiyo hutoka kwenye maziwa kwa siku kadhaa. Bakteria wa yogati ni dhaifu sana mbele ya penisilini. Kiasi kidogo tu kinawazima. Unakaa saa kumi, maziwa yanakutazama tu. Kuchemsha hakuondoi mabaki ya dawa nyingi za aina hii, kwa hiyo hapo jiko halikusaidii. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla maziwa hayajauzwa, zimeandikwa kwenye chupa, na mfugaji anazijua. Akikuuzia kabla ya hapo anajua anachofanya. Nilishawahi kupoteza lita ishirini kwa siku moja mbele ya darasa zima kwa sababu hiyo, na muuzaji aliniambia labda siku ile palikuwa na baridi.

Njia yangu ya kuthibitisha ni rahisi. Gawa mbegu ileile kwenye vikombe viwili: kimoja maziwa ya muuzaji huyo, kingine maziwa ya boksi. La boksi likiganda na lake likabaki maji, mgonjwa si mbegu.

"Maziwa ya boksi hayagandi, yana dawa"

Yanaganda. Yalishapitia moto mkali kiwandani, yapashe tu mpaka nyuzi 43 utie mbegu. Huwa mepesi kidogo kuliko ya ng'ombe wa jirani. Ubaya wake ni bei. Ukinunua boksi ili kuokoa pesa, fanya hesabu upya.

"Mbegu nyingi, yogati nzito"

Kijiko kikubwa kimoja mpaka viwili kwa lita. Ukimwaga kikombe kizima itachacha mbio, iwe na chembechembe kama jibini iliyokatika, na maji yajitenge. Mbegu iwe yogati tupu, isiyo na stroberi wala vanila, na iwe hai. Pakiti ikisema imepashwa moto baada ya kugandishwa, ndani hamna aliye hai, hata uiombee.

"Mbegu moja inatosha maisha"

Wale bakteria wawili wa yogati, laktobasili na streptokoka, wanafanya kazi kwa kusaidiana, na kila unapohamisha mmoja anaweza kumzidi mwenzake. Baada ya mizunguko kadhaa yogati inakuwa kali au inakataa kushika. Mimi naanza upya baada ya mara tano. Toa mbegu ya kesho siku yogati inapotoka kwenye joto, kabla mtu hajaingiza kijiko, na iweke kwenye friji kwenye chombo chake. Mbegu inayochotwa chini ya ndoo baada ya watoto kulamba wiki nzima siihesabu kuwa mbegu.

"Mtindi na yogati ni kitu kimoja"

Ni ndugu. Bakteria wa mtindi hupenda joto la kawaida la nyumba, wa yogati wanataka nyuzi 40 na kitu. Ukianzishia yogati kwa mtindi ukaufunika kwenye joto la yogati, wengi wao hawatafanya kazi. Kwa sababu hiyohiyo yogati iliyoachwa mezani, iwe Dar es Salaam ya Februari au Lushoto ya Julai, haipati joto linalotosha.

"Lazima uwe na mashine"

Hotpoti. Isuuze kwa maji ya moto kwanza, mimina maziwa yaliyokwisha kutiwa mbegu, funga, zungushia blanketi, usiifungue kuchungulia wala kuitikisa kwa saa sita. Nimeona watu wakinunua mashine ya umeme ya vikombe saba ili kuokoa pesa, na imekaa juu ya kabati tangu Krismasi.

"Maji yakijitenga juu, imeharibika"

Koroga ule. Yakiwepo madoa ya kijani, meusi au ya waridi, tupa yote, si kukwangua juu.

"Yogati inatibu vidonda vya tumbo"

Haitibu. Vidonda vingi vinatokana na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na dawa za maumivu zinazomezwa ovyo. Kapime.

"Ya Kigiriki nikitengeneza nyumbani ni ya bure"

Hii huja kutoka kwa wale waliokwisha kufaulu yogati ya kawaida na wakajaribu kuichuja. Haina ujanja: unatandika kitambaa cheupe kilichochemshwa juu ya chujio, unamimina, unaacha kwenye friji usiku kucha. Asubuhi lita yako moja imebaki nusu, pengine chini ya hapo, nayo ni nzito na tamu kweli. Ila uliyoila ni maziwa ya lita nzima ndani ya bakuli dogo, kwa hiyo ukilinganisha na bei ya dukani, ilinganishe na ya Kigiriki, si na ya kawaida. Dada mmoja alikuwa akiichuja, akiuza kwa bei ya yogati ya kawaida, na akinilalamikia kwamba biashara haina faida. Tulikaa na daftari lake dakika tano. Akafumba daftari, akacheka, kisha nikamuuliza yale majimaji ya kijani-njano yanayodondoka chini ya chujio alikuwa akimwaga wapi. Sinkini. Nusu ya kila lita, miezi minne. Yana protini, yana kalsiamu, yana uchachu mzuri; siku hizi anakandia chapati.