Maji moto katika nyumba za kupanga England: yanayosemwa na yanayotakiwa

Mpangaji wa England anayeamka na kukuta bomba linatoa maji baridi husikia ushauri wa kila aina, na ulio maarufu zaidi ni kwamba sheria inamdai mwenye nyumba ampatie maji ya nyuzi joto 60. Sivyo ilivyo. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 1985, ambacho ndicho tegemeo kuu la wapangaji wenye mikataba ya chini ya miaka 7, kinamtaka mwenye nyumba aitunze mitambo ya kupasha maji joto ili iwe nzima na ifanye kazi ipasavyo. Nyuzi joto hakizitaji kabisa. (Scotland na Wales zina sheria zao za upangaji, hivyo yanayosemwa hapa yasipelekwe huko.)

Hiyo 60 imetoka kwingine. Mamlaka ya Afya na Usalama ya Uingereza, HSE, inashauri kwamba maji moto yanayohifadhiwa tangini yawe na nyuzi joto 60 au zaidi, na yafikapo bombani yasipungue 50 ndani ya dakika moja tangu bomba lifunguliwe. Sababu yake ni bakteria aina ya legionella, ambao hustawi katika maji yenye nyuzi joto kati ya 20 na 45 na hufa maji yakifikia 60. Mtu huambukizwa hasa kwa kuvuta pumzi yenye manyunyu ya maji hayo, kwa mfano anapooga chini ya bomba la mvua, na anaweza kupata nimonia kali.

Wapo wanaosikia pia kwamba maji ya kuogea hayaruhusiwi kuzidi nyuzi joto 48, wakahitimisha kuwa wataalamu wanajipinga wenyewe. Namba hiyo ipo kweli, lakini imo katika kanuni za ujenzi zilizoanza kutumika mwaka 2010, nayo inahusu hodhi za kuogea katika nyumba mpya, kwa kuwa maji ya 60 huweza kuunguza ngozi vibaya kwa sekunde chache tu, na watoto wadogo na wazee ndio huumia zaidi. Namba zote mbili hutimizwa kwa pamoja: tangi hubaki na joto la kuua bakteria, kisha vali ya kuchanganya, ambayo hufungwa karibu na hodhi ili bomba lenye maji ya uvuguvugu liwe fupi, huongeza maji baridi kabla mtu hajayagusa. Kwa hiyo mpangaji anayeshusha kidhibiti cha tangi hadi 45 ili apunguze bili anawatengenezea bakteria makazi. Mwenye boila inayopasha maji papo hapo bila tangi hana hofu kubwa ya namna hiyo, maana maji yake hayalali popote.

Wenye nyumba nao wana dhana yao, na hii inawagharimu fedha: kwamba ni lazima wanunue cheti cha kupimwa legionella. HSE imeeleza wazi kuwa sheria haihitaji cheti hicho na kwamba yenyewe haikitambui. Kinachotakiwa ni kutathmini hatari, kazi ambayo katika nyumba ya kawaida mwenye nyumba anaweza kuifanya mwenyewe. Ukaguzi wa vifaa vya gesi kila mwaka ni lazima, lakini huo huangalia usalama. Boila inaweza kuupita ukaguzi na bado ikatoa maji ya vuguvugu.

Kuhusu muda wa matengenezo, saa 24 zinazotajwa mara kwa mara hazimo katika kifungu cha 11. Mwenye nyumba anapewa muda unaofaa, unaohesabiwa tangu alipoarifiwa, na muda huo huwa mfupi zaidi kukiwa na baridi kali au mtoto mchanga nyumbani. Ndiyo maana taarifa ya maandishi yenye tarehe ina thamani kuliko simu kumi. Mkataba unaomtwika mpangaji gharama za kutengeneza boila hauondoi wajibu wa mwenye nyumba, ila kama mpangaji ameiharibu mwenyewe. Kuzuia kodi ni hatari, kwani fedha hizo hubaki kuwa deni na huweza kuwa sababu ya kumwondoa nyumbani. Ni salama zaidi kwenda kwa maofisa wa afya ya mazingira wa halmashauri, ambao wana mamlaka ya kukagua nyumba na kumwagiza mwenye nyumba atengeneze.

Kabla ya yote hayo, mpangaji aangalie mita. Nyumba nyingi zina mita za kulipia kabla, kama LUKU ya Tanzania, na salio likiisha kwa mpangaji anayelipa nishati mwenyewe, hilo si kosa la mwenye nyumba.