Mradi wa kaboni "umeidhinishwa": serikali imeidhinisha nini hasa?

Huku Nyanda za Juu Kusini, kila mazungumzo ya biashara ya kaboni yakianza, haipiti muda mtu atasema, "Mradi umeshaidhinishwa na serikali." Wanaomsikiliza huelewa kwamba hewa ukaa iliyomo msituni mwao imepimwa, imekubalika, na malipo yako njiani. Sivyo. Nimeisikia kauli hiyo ikitumiwa hivyo mara nyingi mno, hata na viongozi wanaoheshimika, na kuna watu wanatoa ardhi kwa kuiamini.

Idhini ya nchi mwenyeji ni tamko la serikali kwamba mradi unaopunguza au kunyonya hewa ukaa, ili tani zake ziuzwe kwa mnunuzi, utachangia maendeleo endelevu ya nchi. Kwetu Tanzania tamko hilo hutoka Ofisi ya Makamu wa Rais, inayosimamia mazingira, kwa mujibu wa kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022. Upande wa kitaalamu husaidiwa na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro.

Tani ni kazi ya watu wengine kabisa. Huhesabiwa kwa kanuni za mfumo ambao mradi umejiunga nao, Verra kwa mfano, na kukaguliwa na mhakiki huru. Krediti, yaani hati za tani zinazouzwa, hutolewa baada ya ukaguzi huo. Serikali inaweza kuidhinisha mradi leo, na miaka ikapita kabla ya krediti ya kwanza kutoka, au isitoke kamwe.

Mgawanyo huu wa kazi haukutokea kwa bahati. Itifaki ya Kyoto ya 1997 ilipounda utaratibu wa nchi tajiri kununua tani kutoka nchi zinazoendelea, kifungu cha 12 kiliupa malengo mawili: kuzisaidia nchi tajiri kutimiza ahadi zao, na kuzisaidia nchi mwenyeji kupata maendeleo endelevu. Likazuka swali: nani atapima hilo la pili? Nchi zinazoendelea hazikutaka kipimo kimoja kilichotungwa nje kiwaamulie maendeleo yao ni yapi. Makubaliano ya Marrakesh ya 2001 yakaweka wazi kwamba kuthibitisha kama mradi unasaidia maendeleo endelevu ni haki ya nchi mwenyeji yenyewe.

Haki hiyo ni nzito kuliko inavyochukuliwa. Chini ya utaratibu ule, bodi ya kimataifa iliangalia hesabu ya tani. Haikuwa kazi yake kupima kama mikaratusi iliyopandwa juu ya bonde ingekausha vinyungu, yaani bustani za bondeni, vya watu wa chini. Swali hilo liliachiwa nchi yenyewe, na nchi ikishatia saini bila kuliuliza, hapakuwa na mwingine aliyepewa kazi ya kuliuliza kwa niaba yake.

Tuchukue misonobari na mikaratusi ya Mapanda, Mufindi, iliyoingizwa mwishoni mwa miaka ya 2000 kwenye soko la hiari la kaboni, ambako wanunuzi hununua bila kulazimishwa na mkataba wa kimataifa. Shamba la namna hiyo linaweza kuwa na hesabu safi ya tani, kwa sababu miti ile inakua haraka kuliko nyasi zilizokuwepo. Lakini hesabu hiyo haimwambii mtu nyasi za kuezekea na malisho vitapatikana wapi, kijito kitabaki na maji kiasi gani mwezi wa kumi, wala kama mkutano mkuu wa kijiji ulikubali kwa utaratibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 au walikubali wachache ofisini. Hayo ndiyo maswali ya idhini. Na wakati ule soko la hiari halikuidai barua ya serikali kama utaratibu wa Kyoto ulivyoidai; ndiyo maana nazithamini kanuni za 2022, kwa kuwa zimeigusa hata miradi ya soko la hiari.

Mkataba wa Paris wa 2015 umeongeza ruhusa ya pili, nayo huchanganywa na ya kwanza. Chini ya kifungu cha 6, nchi inaporuhusu tani zihesabiwe kwenye ahadi ya nchi nyingine, inaziondoa kwenye hesabu yake. Tanzania imeahidi kupunguza uzalishaji wa gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwepo bila hatua zozote. Tani iliyoruhusiwa kwenda nje kwa njia hiyo haiwezi kutumika tena kutimiza ahadi hiyo. Kwa hiyo nchi inaweza kuuridhia mradi kabisa na bado ikakataa tani zake zihamishwe.

Basi ndugu zangu mnaosimama mbele ya mkutano wa kijiji, badala ya "serikali imepitisha kaboni yetu," semeni "serikali imekubali mradi ufanyike, kaboni bado haijahakikiwa." Na kama barua iliyopo mkononi ni ya kupokea andiko la awali tu, semeni hivyo hivyo, kwamba ni ya andiko la awali.