Jazz lilianzia kwenye besiboli

Watu nikiwaambia neno jazz halikuzaliwa kwenye muziki wanabisha, wanajua limetoka kwa wanamuziki wa New Orleans, Marekani, basi. Ila mi kazi yangu ni historia ya maneno na maandishi yapo: tarehe 2 Aprili 1912 gazeti la Los Angeles Times lilimnukuu Ben Henderson, mrusha mpira wa timu ya besiboli ya Portland, anasema msimu huu ana mrusho mpya anauita jazz ball sababu mpira unayumbayumba alafu mpigaji anabaki hana la kufanya. Muziki haumo kabisa hapo.

Mwaka uliofuata likaibuka San Francisco. Timu ya besiboli ya huko, Seals, ilikuwa kambini Boyes Springs, na Scoop Gleeson wa gazeti la Bulletin akawa analitumia kwenye habari zake za michezo, akimaanisha ule mori, ile hali mchezaji anaingia uwanjani damu inachemka, na mwezi wa nne gazeti hilohilo likatoa makala nzima ya Ernest Hopkins kulisifia neno lenyewe. Sasa cheki, kuna neno la zamani zaidi, jasm, lilikuwepo tangu 1860 na maana yake ni nguvu na ari hivyohivyo, wengi wetu tunaofuatilia mambo haya tunaona jazz limetokea humo. Zile hadithi kwamba limetoka Afrika natamani sana zingekuwa kweli, ila ushahidi hamna.

Kwenye muziki lilishika Chicago mwaka 1915. New Orleans wenyewe muziki wao walikuwa wanauita ragtime, jina la mtindo uliotangulia jazz, na hata bendi ya Original Dixieland Jass Band waliporekodi mwaka 1917 bado waliandika Jass, maana tahajia ilikuwa haijatulia.

Ndo maana siwaelewi wanaosema bendi zetu za zamani zilijipa jina lisilo lao, Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, OK Jazz ya kina Franco kule Kongo, eti sababu walikuwa wanapiga dansi na rumba. Neno lilibeba uchangamfu kabla halijabeba mtindo wowote wa muziki, kwa hiyo bendi inayonyanyua ukumbi mzima ina haki nalo kamili. Msikilize Mbaraka Mwinshehe enzi zake Morogoro Jazz, gitaa likishaanza kukimbia, alafu uje uniambie kama mori haumo.